Mkono wa Anastazi

Karibu na kwangu, Kinyinya, hapa Kigali, wanajenga. Kila nikidhani wamemaliza, wanaanza kiwanja kingine. Na kila siku inapokaribia saa tano kuna mama mmoja anayeinjika sufuria kubwa nyuma ya matofali, awapikie mafundi supu ya mifupa. Harufu yake inapanda ukuta, inapita dirishani, inaingia hadi chumba cha kulala. Watoto wangu hutoka vyumbani wakisema jamani, njaa. Mimi hufunga dirisha. Nikiulizwa nasema ni vumbi.

Wiki iliyopita nilikuwa katika kikao cha wazazi shuleni kwa kijana wangu. Hoja ilikuwa moja tu, watoto wa sekondari wafundishwe nini katika baiolojia, lakini mnawajua wazazi. Mmoja hakutaka habari za uzazi, alisema ni kuwaonyesha njia. Mwingine alitaka uzazi na magonjwa yake, mengine yote yaachwe. Baba mmoja mwenye simu mbili alisema panzi na vyura ni kupoteza muda, wafundishwe vitu vya kuwapatia kazi. Kiti kilikuwa kigumu, mgongo ukiniuma, nami macho yangu yalikuwa mlangoni. Mwenyekiti akanigeukia: "Mama, wewe mbona hujasema kitu?" Nikajibu kwamba waliotangulia wamesema yote. Neno nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu, na nilichoka hata kabla ya kulianza, mbele ya watu wanaotazama saa. Ninyi wa rika langu labda mna subira zaidi.

Tulirudi Kigali miezi ya mwisho ya mwaka ule wa mauaji ya kimbari. Nasema tulirudi kwa kuwa ndivyo wazazi wangu walivyosema. Mimi nilikuwa sijawahi kuikanyaga. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, mtoto wa wakimbizi waliozaa wakimbizi. Nilipovuka mpaka nyuma ya lori nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Kiswahili kingi, na Kinyarwanda cha nyumbani, kile cha kuomba chumvi na kusalimia bibi. Baba alipata kazi ya ukarani serikalini. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi ya makaa, akatoka akiwa amenyoosha shingo, na jioni alirudi ameinama kidogo, bila kutueleza alichokiona.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa Kicukiro, ikitazamana na kilima cha Rebero. Ilikuwa nyumba ya watu. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni kulikuwa na mistari ya penseli, ya watoto waliokuwa wakipimwa urefu, na Mama aliposugua kuta zote kwa sabuni aliiruka fremu ile. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kitambaa kimelowa sana, nikaamini. Mambo mengi ya mwaka ule niliyaamini kwa namna hiyo. Nilipewa neno dogo, nikaridhika nalo, nikatoka kucheza.

Shule ilifunguliwa kabla ya kuwa shule. Madirisha hayakuwa na vioo, madawati yalikuwa yamekwisha kuwa kuni, nasi tulikalia matofali na madumu tuliyobeba kutoka nyumbani. Darasa lilikuwa mchanganyiko wa ajabu. Waliotoka Uganda walitaka kila kitu kwa Kiingereza. Waliotoka Burundi walikuwa na Kifaransa chao na madaha yake. Waliotoka Zaire waliitwa Dubai, kwa kupenda nguo. Sisi wa Tanzania tuliitwa TZ, tukachekwa kwa kusema "shikamoo" kwa kila mtu hadi mlinzi wa lango. Halafu kulikuwa na wale waliokuwa hapahapa. Hao hawakuchekwa kwa chochote. Walikaa kimya, na mimi nilidhani kimya chao ni maringo ya wenyeji.

Baiolojia tulifundishwa na Madamu Konsolata. Alikuwa msichana bado, mwembamba, amezaliwa na kusomea Bujumbura, na ile ilikuwa kazi yake ya kwanza. Alianza kila sentensi kwa Kifaransa, akairudia kwa Kiswahili kwa ajili yetu, na vyote viwili vikikwama alimalizia kwa Kinyarwanda na mikono. Vitabu havikuwepo. Kilichokuwepo ni picha moja kubwa ukutani, ya ng'ombe aliyechorwa kwa mkaa na Madamu mwenyewe, mifupa mitupu, pembe ndefu, kila mfupa na jina lake kwa lugha mbili.

Somo lilikuwa mifupa, na tulilisoma kwa ng'ombe. Madamu alikwenda buchani na gunia, akarudi na miguu, mbavu na taya, akatuambia tuichemshe mifupa ile uani kwa maji na majivu mpaka nyama yote iachie. Harufu ile ndiyo ninayoifungia dirisha. Kulikuwa na mvulana mmoja aliyetoka Uganda, ambaye baba yake alivuka mpaka na kundi lake lote la ng'ombe, naye alikataa katakata kuchochea moto.

"Madamu, ng'ombe haifanyiwi hivi," alisema. "Baba akijua ataniuliza kama mimi bado ni mtoto wake."

"Lakini supu yake unakunywaka," Madamu akamwambia.

"Supu ni heshima, Madamu. Hii iko dharau."

Tulicheka mpaka Madamu mwenyewe akajifunika mdomo kwa kanga. Nataka mjue kwamba tulicheka pia mwaka ule. Watu wanaosimulia siku zile husahau, au huona aibu kusema.

Aliyekuwa hacheki ni Dafroza. Alikuwa mkubwa kuliko sisi, labda miaka kumi na sita, mmoja wa wale waliokuwa hapahapa, naye alijiunga wiki kadhaa baada ya shule kufunguliwa. Alivaa sweta la kiume lenye mikono mirefu aliyoikunja. Kiswahili alikijua vizuri kuliko wenyeji wengine kwa sababu kaka yake alikuwa fundi wa magari, na gereji za Kigali zilizungumza Kiswahili tangu zamani. Ndiyo sababu alinisemesha mimi kabla ya wengine. Aliniuliza kama Tanzania tulisoma mifupa. Nikajibu kwa kujidai kwamba tuliisoma yote. "Ya mutu?" akauliza. Nikasema ya mtu, ndiyo, kisha akaniuliza la pili na la tatu nikajikuta sijui lolote, maana nilichokumbuka ni wimbo wa kuitaja tu.

Darasani hakuwa na swali jingine. Madamu aliinua mguu wa mbele wa ng'ombe, akatuonyesha mfupa mnene wa chini ya kiwiko. Akaeleza kwamba ukiutazama vizuri utaona ni miwili iliyoungana ikawa mmoja, kwa kuwa ng'ombe ana uzito mwingi wa kubeba na hana haja ya kugeuza kwato. Dafroza akanyoosha mkono.

"Madamu, na kwa mutu? Kwa mutu hapa iko mufupa moja ama mbili?"

"Leo tunasoma ng'ombe," Madamu akasema.

Kesho yake akauliza tena. "Kwa mutu, ikivunjika, inajiunga namna gani?"

"Dafroza, tutafika."

Hatukufika. Tulitoka kwenye mguu tukaenda kwenye mbavu, tukatoka kwenye mbavu tukaenda kwenye kwato. Dafroza aliuliza, Madamu alikwepa, na mimi niliyekuwa nimekaa katikati yao nilipata maelezo yangu mwenyewe. Niliona kwamba Dafroza anataka kuwa daktari na Madamu hajui mifupa ya binadamu. Ilikuwa wazi kabisa kichwani mwangu.

Kisha siku moja ilikuwa zamu yangu ya kufagia. Upepo wa mvua ukaingia kwenye dirisha lisilo na kioo, ukaipeperusha ile picha ya ng'ombe, nikaona nyuma yake. Nyuma kulikuwa na rangi, ile rangi nzuri ya vitu vilivyochapishwa. Niliona unyayo wa mtu, mifupa midogomidogo ya vidole, na goti. Ng'ombe wa Madamu alikuwa amechorwa mgongoni mwa picha ya binadamu, na binadamu alikuwa ameutazama ukuta siku zote. Nikajirekebisha, kumbe Madamu anajua, ila anatuficha. Nilidhani walimu wanaitunza picha ile kwa ajili ya mtihani, kama wanavyotunza majibu. Sikumwambia Dafroza, kwa kuogopa kuvujisha mtihani. Nilimwambia Baba.

Sasa ni lazima mmwelewe baba yangu. Alikuwa mtoto mwenye akili ambaye hakupata nafasi ya sekondari, akajisomea kwa taa ya chemli vitabu vya kuazima, na hilo lilimkaa kooni maisha yake yote. Nilipomweleza kwamba tunafundishwa ng'ombe, kwamba picha ya mtu ipo na imegeuziwa ukutani, na kwamba kuna msichana anayetaka udaktari na kila siku anazungushwa, aliweka kijiko chini.

"Mtihani wa taifa utawauliza ng'ombe?" akamuuliza Mama, kana kwamba Mama ndiye aliyetunga mtihani.

Mama alikuwa anachambua maharage ya msaada. Hakuinua kichwa. "Baba watoto, uliza taratibu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Kuuliza si ujinga."

"Sijasema ni ujinga. Nimesema taratibu."

Baba hakuwa mtu wa taratibu penye jambo la shule. Kikao cha wazazi kilipoitwa nilimbebea kigoda, kwa kuwa wazazi nao hawakuwa na pa kukaa, nikajibanza nyuma ya chumba pamoja na watoto wengine waliobeba vigoda. Kikao kilikuwa katika darasa letu, ng'ombe ukutani. Mbele walikaa akina baba wa mashati ya pasi kama Baba, na mama mmoja wa Bujumbura mwenye mkoba mweupe. Karibu na mlango walikaa wanafunzi wachache peke yao, kwa kujitegemea. Niliwashangaa, nikadhani wamekuja kusikiliza siri za wakubwa. Dafroza alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ameandikisha jina lake mwenyewe kwenye nafasi ya mzazi, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwandikisha.

Baba alisimama. Alisalimia kwa Kinyarwanda chake cha Karagwe kilichowafanya watu watabasamu, kisha akahamia Kiswahili, penye nguvu zake.

"Madamu, tunakushukuru kwa kazi. Lakini watoto wetu wamepoteza muda mwingi, na wengine tumepoteza miaka thelathini. Hatuwezi kurudi nyumbani tukafundishwa ng'ombe. Ng'ombe tunawajua!" Watu wakacheka. "Mtoto wa sekondari afundishwe mwili wake. Na picha ipo hapo hapo, imegeuzwa tu. Kwa nini?"

Madamu Konsolata alisimama mbele na chaki mkononi, chaki isiyo na kazi.

"Bwana, mimi siku ya kwanza nilifungua hii picha ku ukuta ya darasa ingine," akasema. "Watoto watatu walitoka inje. Mumoja hajarudi ku shule mpaka leo. Mu darasa yangu iko watoto, mifupa ya mutu wanaijua. Hawakuisoma ku kitabu. Ndiyo nikageuza."

Kwa haki, Baba alipaswa kukaa hapo, na nilimwona akitaka kukaa. Lakini alikuwa na karata moja aliyoiona nzuri, karata niliyompa mimi.

"Ninaelewa," akasema, kwa sauti ya chini sasa. "Ninaelewa, Madamu. Ila msimzuie anayetaka. Nasikia kuna binti humu anataka kuwa daktari, anauliza kila siku na hajibiwi. Huyo naye tumfanyie nini?"

"Binti gani?"

"Dafroza, nimeambiwa."

Watu wakageuka. Dafroza aliinuka polepole pale mlangoni, akavuta mikono ya sweta.

"Mimi sitaki udaktari," alisema.

Hakuwa anatazama mtu, alikuwa anatazama ng'ombe.

"Iko kaka yangu, Anastazi. Alikuwa anafanya ku gereji. Siku moja alikuwa anawasha lori na hendeli, hendeli ikamurudia, ikamuvunja mukono hapa." Akaonyesha juu kidogo ya kifundo, upande wa dole gumba. "Ilipona mubaya. Hakuweza tena kugeuza mukono juu. Ukimupa kitu anapokea hivi, mukono pembeni, mama anamugombeza hana adabu. Sasa, ku bonde chini ya kwetu, kisha Noeli watatoa watu, wawazike. Nguo hakuna tena, mvua imebeba. Wamesema kama unamujua mutu wako, uje umutambue. Mimi nitamutambua na mukono. Lakini sijui mufupa yenyewe iko moja ama mbili, na yenye kupona inafanana namna gani. Ng'ombe iko na moja. Ndiyo naulizaka."

Akakaa. Nilimtafuta Baba kwa macho nikamwona amekwisha kukaa, kigoda kimeegemea mguu mmoja, naye hajisumbui kukiweka sawa. Akasema, "Ihangane, mwanangu," vumilia, neno ambalo watu wa Kigali waliambizana mara nyingi mwaka ule mpaka likachakaa, na bado hawakuwa na jingine. Baba wa yule mvulana wa Uganda, mwenye ng'ombe wengi, aliyekuwa amekaa mbele, akamgeukia Madamu.

"Afundishwe," akasema.

Madamu akaiweka chaki mezani. "Kesho," akajibu.

Njiani Baba alikibeba kigoda mwenyewe. Mimi nilikuwa na huzuni na nilikuwa na hasira pia, nisijue namkasirikia nani. Mama alitutazama tulipoingia, akatupakulia chakula, hakuuliza jinsi kikao kilivyokwenda.

Kesho yake Madamu alikuja mapema. Alituambia, kwa lugha zote tatu bila kuzichanganya, kwamba leo atageuza picha, na kwamba asiyetaka kuiona atoke, hatahesabiwa kama mtoro. Baadhi walitoka wakakaa barazani. Mvulana wa Uganda naye alitoka, nikadhani ni ubishi wake, kumbe alikwenda kukaa nao tu wasiwe peke yao. Madamu akaitoa picha kwenye misumari, akaigeuza, akaipigilia tena kwa jiwe. Mtu akatutazama kwa mara ya kwanza.

Hakufundisha fuvu, wala uti wa mgongo. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkono. "Iko mbili," akasema. "Dafroza, unaona? Mbili. Huu wa upande wa kidole kidogo unakaa, hauendi popote. Huu wa upande wa dole gumba unazunguka juu ya mwenzake. Ndiyo maana tunaweza kuomba." Akageuza kiganja juu, kisha chini. Tukafanya wote, viganja juu, viganja chini, huku vidole vya mkono wa pili vikiufuata mfupa unavyozunguka chini ya ngozi. Sijawahi kusahau mshangao wa kuusikia. Nilikuwa nao siku zote nisijue.

"Kama huu wa dole gumba unavunjika na unapona vibaya," Madamu aliendelea, "hauzunguki tena vizuri. Ndiyo yule kaka yako alikuwa anapokea vile. Haikuwa adabu mubaya."

Dafroza alikuwa anaandika, akaacha kuandika.

"Na mahali penye kupona," akauliza, "panafanana namna gani?"

Madamu alitazama picha. Mtu wa picha alikuwa mzima, hajawahi kuvunjika popote. Alianza kuchora ubaoni, akafuta, akachora tena, ikawa kama kiazi. Nami, sijui kwa nini ilinichukua muda mrefu hivyo kukumbuka, nikasimama nikasema mimi nilivunjika.

Nilianguka kutoka kwenye mpera, Karagwe, nikiwa na miaka saba, na mzee mmoja wa kuunga mifupa alinifunga kwa fito na kunichua kwa samli nikilia kijiji kizima kisikie. Palibaki nundu juu ya kifundo cha mkono. Nikakunja shati, nikaenda mpaka kwenye tofali la Dafroza, nikampa mkono.

Aliushika kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na vigumu kwa kufua. Alipapasa chini, akapanda juu, akaifikia nundu, akasimama pale. Akafumba macho. Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akibonyeza kuliko nilivyopenda, na sikusema inauma. Barazani mvulana wa Uganda alikuwa anawasimulia wenzake jambo kuhusu fahali wa baba yake, nasi tulisikia kila neno.

"Iko kama fundo ya kamba," Dafroza akasema mwishowe.

"Ndiyo," nikasema.

"Haitoki? Mutu akikufa, haitoki?"

Nilimtazama Madamu. Madamu akasema haitoki.

Wiki zile Dafroza alinizoea. Wakati wa mapumziko alikuja kukaa karibu nami, akaomba mkono bila kusema mengi, nami nikampa, huku nikila andazi kwa mkono mwingine. Alinisimulia habari za Anastazi. Alikuwa mpenda mizaha. Alikuwa anapiga ngoma kwenye mlango wa lori kwa ule mkono mbovu. Siku aliyovunjika alirudi nyumbani akamwambia mama yao kwamba lori limemsalimia kwa nguvu. Nilicheka, na Dafroza akacheka, na nikaona kwamba hakuwa na maringo hata kidogo. Nilimpenda. Nilianza pia kuomba usiku kwa Mungu wetu wa kikatoliki kwamba Dafroza ampate, nikimwelekeza vizuri Mungu, mkono wa kulia, upande wa dole gumba.

Madamu alirudi kwenye ng'ombe. Hakuna mzazi aliyelalamika tena. Baba aliniuliza mara moja tu tunasoma nini, nikasema tumbo la ng'ombe, vyumba vyake vinne, akasema ni somo zuri.

Baada ya Noeli siku ya bonde ilifika, na Dafroza hakuonekana shuleni. Mama alikwenda huko na kanga mbili na sabuni, pamoja na wanawake wa mtaa wetu. Mimi nilikatazwa. Aliporudi alioga kwa muda mrefu, akalala bila kula. Nilisimama mlangoni kwake nikamuuliza kama amemwona Dafroza. Akasema amemwona. Nikauliza kama amempata kaka yake. Mama akageukia ukuta, akaniambia nikamuulize mwenyewe, na nimuulize mara moja tu.

Nikimfikiria yule baba mwenye simu mbili, siku ile ya kikao, simwoni mbaya. Naye ana mahali anapotaka mtoto wake afike, kama baba yangu. Ningemwambia nini? Kwamba mtoto mmoja aliwahi kuhitaji kitu kimoja tu katika kitabu chote, na kwamba hicho alichokihitaji angekipata kokote kwingine duniani bila shida? Hata sasa ninapoandika naona uzito wa kulisema. Wanangu nao wanasoma mifupa kwenye kompyuta, wanaigeuza kwa kidole, wanapata alama nzuri. Nafurahi, na furaha yenyewe inanichosha.

Dafroza alirudi shuleni wiki iliyofuata. Nilimkuta penye pipa la maji ya mvua, ananawa mikono, taratibu, sweta limekunjwa hadi kwenye viwiko. Nilisimama pembeni mpaka amalize. Hakumaliza, basi nikauliza.

"Ulimpata?"

"Nilipata mukono yenye ilivunjika ikapona," akasema. "Hapa hapa. Iko na fundo, kama Madamu alisema."

Nilifurahi, Mungu anajua nilivyofurahi. Nikamshika bega. Yeye akaendelea kunawa.

"Kisha nikapata ingine," akasema. "Hapa hapa. Na ingine. Iko na ya mama moja, mudogo. Iko na ya mutoto. Watu walikuwa wanaanguka, TZ. Ku miti, ku baisikeri, ku hendeli. Walikuwa wanavunjika, wanapona, wanaenda ku kazi. Mimi nilizani ni yeye peke yake."

Nilimuuliza swali la kitoto, lakini ndilo nililokuwa nalo. Nilimuuliza alifanyaje sasa.

"Nikawaosha wote," Dafroza akasema. "Kila mumoja nikamuita Anastazi."